Somo la Robo Hii: Hataza, Chanjo na Pesa kwa Simu



Katika vikao vya tathmini tumekuwa tukiulizwa maswali mawili yanayoonekana kuwa mbalimbali. Wanakamati huuliza: kama chanjo ya ugonjwa fulani imeshapatikana huko duniani, kwa nini inachukua miaka mingi kufika zahanati yetu? Wafadhili nao huuliza: kwa nini usharika unalipia mfumo wa kupokea michango kwa simu, kana kwamba mtu mmoja anamiliki wazo la kutuma pesa? Maswali yote mawili yanapita katika neno moja ambalo wengi tunalisikia bila kulichambua, nalo ni hataza. Tumeona vema tulijifunze pamoja, kwa sababu kamati zetu zinasaini mikataba na zinaamua fedha za watu zitumikeje.

HATAZA NI NINI

Hataza ni haki ambayo serikali inampa mvumbuzi ya kuwazuia wengine wasitengeneze, wasitumie wala wasiuze uvumbuzi wake kwa muda maalumu bila ruhusa yake. Kwa mkataba wa Shirika la Biashara Duniani ulioanza kutumika mwaka 1995, muda huo ni angalau miaka 20 tangu siku ombi lilipowasilishwa. Mvumbuzi naye hutoa kitu: lazima aeleze kwa maandishi jinsi uvumbuzi wake unavyofanya kazi, na maandishi hayo yanakuwa wazi kwa kila mtu kuyasoma. Muda ukiisha, yeyote anaruhusiwa kuutumia. Tusiichanganye na hakimiliki, inayolinda vitabu, nyimbo na programu za kompyuta, wala na alama ya biashara, inayolinda jina na nembo.

Tungependa kila kamati ikariri jambo moja: hakuna hataza ya dunia nzima. Upo utaratibu wa kuwasilisha ombi moja linalohusu nchi nyingi, na kwa upande wetu shirika la ARIPO lenye makao yake Harare hushughulikia maombi kwa niaba ya nchi wanachama, zikiwemo Tanzania, Kenya na Uganda. Lakini mwishoni haki hiyo huhesabiwa nchi kwa nchi. Kwa hiyo muuzaji akija na mtambo wa kusafisha maji na kusema "una hataza ya kimataifa", mwulizeni namba ya hataza na nchi iliyoitoa. Kwa Tanzania Bara, hataza husimamiwa na BRELA. Kumbukeni pia kwamba namba ya ombi si hataza, maana ombi linaweza kukataliwa. Na hata hataza halali haisemi kwamba mtambo unaua vijidudu vya kipindupindu. Inasema tu kwamba uvumbuzi ni mpya na unastahili kulindwa. Kuhusu ubora waulizeni TBS, na kama ni dawa au kifaa tiba waulizeni TMDA. Tumeona broshua nyingi zinazochanganya mambo haya mawili, na hatuamini kwamba siku zote ni kwa bahati mbaya.

CHANJO ILIYOANZA NA BEI

Mfano mzuri kuliko yote tunaoufahamu ni wa homa ya uti wa mgongo. Katika nchi zilizo kusini mwa Sahara, kutoka Senegal hadi Ethiopia, bakteria wa kundi A walikuwa wakileta mlipuko kila baada ya miaka kadhaa. Mlipuko wa mwaka 1996 na 1997 uliwapata watu zaidi ya 250,000 na kuua zaidi ya 25,000. Chanjo ya zamani ilikuwepo, lakini kinga yake ilikuwa ya muda mfupi na watoto wadogo haikuwasaidia sana. Wataalamu walijua dawa yake: kuiunganisha sukari iliyo kwenye ganda la bakteria na protini, ili mwili wa mtoto uitambue na kuikumbuka. Njia hiyo ilikuwa inatumika tayari katika nchi tajiri dhidi ya magonjwa mengine. Ila kwa kundi A, linalowasumbua zaidi maskini, viwanda vikubwa havikuona faida.

Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani na shirika lisilo la kiserikali la PATH walianzisha mradi wa pamoja, kwa ruzuku ya dola milioni 70 kutoka Taasisi ya Bill na Melinda Gates. Viongozi wa afya wa Afrika walipoulizwa wanataka nini, walisema wazi kwamba chanjo inayozidi senti 50 za dola kwa dozi hawataweza kuinunua. Basi bei ikawa ya kwanza, na mengine yote yakapangwa kuifuata. Njia ya kuunganisha sukari na protini ilipatikana katika maabara ya serikali ya Marekani, kwa wanasayansi Che-Hung Robert Lee na Carl Frasch. Serikali hiyo ilitoa leseni kwa PATH, nayo PATH ikaipa kampuni ya Serum Institute ya mjini Pune, India, ambayo kwa upande wake ilikubali bei isiyozidi senti 50. Hawakupewa karatasi peke yake. Wataalamu wa kiwanda walifundishwa kazi na wenye ujuzi wenyewe.

Chanjo hiyo, MenAfriVac, ilizinduliwa Burkina Faso tarehe 6 Desemba 2010. Tangu hapo watu zaidi ya milioni 300 wamechanjwa, na baada ya mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani halikuthibitisha tena mgonjwa wa kundi A katika ukanda ule. Makundi mengine ya bakteria yalibaki. Niger ilipata mlipuko mkubwa wa kundi C mwaka 2015. Ndiyo maana PATH na Serum Institute waliendelea na kutoa chanjo ya makundi matano, ambayo Nigeria ilikuwa ya kwanza kuitumia mwaka 2024.

Angalieni kilichotokea hapa. Uvumbuzi ulikuwa na mwenyewe. Hakunyang'anywa na wala hakuna aliyejifanya hayupo. Kilichobadilisha mambo ni masharti ya leseni: nani atatengeneza, atauza kwa bei gani, na nani atamfundisha.

Sasa linganisheni na chanjo ya nimonia, ambayo Tanzania iliingiza katika chanjo za watoto mwishoni mwa mwaka 2012. Chanjo ya Pfizer ya aina 13 za bakteria ilizungukwa na hataza katika nchi nyingi. Huko Korea Kusini, kampuni ya SK bioscience ilitengeneza chanjo yake ya aina 13, mamlaka ya dawa ikaisajili mwaka 2016, lakini kesi ya hataza ikazuia isiuzwe. India nayo ilitoa hataza kwa Pfizer mwaka 2017, ingawa Madaktari Wasio na Mipaka walikuwa wameweka pingamizi. Nchi zetu zilipata nafuu kwa sababu wafadhili waliahidi mwaka 2009 dola bilioni 1.5 kwa watengenezaji watakaokubali bei isiyozidi dola 3.50 kwa dozi kwa nchi maskini. Hiyo ni nafuu iliyolipiwa kwa fedha za wafadhili. Mshindani wa kweli, chanjo ya Serum Institute yenye aina 10, alithibitishwa na Shirika la Afya Duniani mwezi Desemba 2019, na bei yake ilianza kwa takriban dola 2.

HATAZA ISIPOKUWEPO

Hapa wako wanakamati watakaosema: basi hataza zifutwe, na dawa zitatufikia. Tunaelewa hisia hiyo. Tena sheria inatupa nafasi kubwa kuliko watu wanavyodhani: nchi zilizo katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zenye maendeleo duni zaidi, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zikiwemo, haziwajibiki chini ya mkataba ule kutoa hataza za dawa na chanjo hadi tarehe 1 Januari 2033. Kenya haimo katika orodha hiyo.

Lakini kipindupindu kinatufundisha jingine. Mwaka 2009 wananchi wa Zanzibar walipewa chanjo ya kunywa iliyobuniwa Sweden, na utafiti ulionyesha kinga ya takriban asilimia 79 kwa waliokunywa dozi mbili. Ilikuwa chanjo ya ghali na yenye usumbufu, kwa kuwa lazima ichanganywe na maji na dawa ya kupunguza asidi ya tumbo. Wakati huohuo ilikuwepo chanjo rahisi zaidi. Ujuzi kutoka Sweden ulikuwa umehamishiwa Vietnam tangu miaka ya 1980, wanasayansi wa Hanoi wakaurahisisha, na taasisi ya kimataifa ya chanjo iliyoko Seoul ikaupeleka kiwanda cha Shantha huko India, kisha kwa EuBiologics ya Korea Kusini. Bei ilikuwa chini ya dola 2. Taasisi hiyo iliutoa ujuzi badala ya kuufungia.

Hata hivyo, kampuni ya Sanofi, iliyokuwa imeinunua Shantha, iliamua kuacha kutengeneza chanjo hiyo ifikapo mwisho wa mwaka 2023, na ghala la dunia likabaki likitegemea EuBiologics. Tangu Oktoba 2022 chanjo ilikuwa haba kiasi kwamba watu wa nchi zenye mlipuko walipangiwa dozi moja badala ya mbili. Wakati huohuo Malawi ilikuwa ikizika watu zaidi ya 1,700. Tatizo halikuwa hataza. Hapakuwa na viwanda vya kutosha vilivyotaka kutengeneza kitu ambacho wanunuzi wake ni maskini. Klorini haina hataza, kibuyu chirizi hakina hataza, na bado ziko shule katika maeneo yetu ambazo watoto hutoka chooni bila kunawa mikono.

PESA KWA SIMU

Upande wa malipo, hataza maarufu ya zamani ni ya Mfaransa Roland Moreno, aliyeandikisha mwaka 1974 kadi yenye chembe ya kumbukumbu ndani yake. Kampuni yake ilikusanya malipo ya leseni kwa miaka mingi. Muda ulipokwisha, kadi zikawa za kila benki. Huyu alivumbua kitu cha kushika mkononi. Wazo la biashara ni jambo jingine. Marekani ilipata kuwa na ukarimu mkubwa mno: mwaka 1999 iliipa Amazon hataza ya kununua kwa kubonyeza mara moja tu, ikadumu hadi 2017. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika kesi ya Alice dhidi ya CLS Bank, ilisema kuchukua desturi ya kale ya fedha na kuiweka kwenye kompyuta si uvumbuzi. Sheria za Tanzania na Kenya tayari zilikuwa zikikataa hataza kwa mbinu za kufanya biashara.

M-Pesa ilizinduliwa Kenya mwezi Machi 2007. Vijiweni husemwa kwamba iliibwa kwa mwanafunzi fulani. Kilicho wazi kwenye kumbukumbu ni kwamba Vodafone ilipata karibu pauni milioni 1 kutoka mfuko wa serikali ya Uingereza, ikaongeza zake, programu ikaandikwa na kampuni ya Sagentia ya Cambridge, na majaribio yakafanyika tangu 2005 pamoja na Faulu Kenya kwa lengo la kurejesha mikopo midogo. Wateja wenyewe ndio walioonyesha kwamba walitaka zaidi kutumiana pesa. Safaricom ililipa Vodafone ada kwa miaka mingi, hadi Aprili 2020 ilipoinunua M-Pesa pamoja na Vodacom.

Wazo lenyewe halikufungiwa. M-Pesa ilifika Tanzania mwaka 2008, na washindani wakafuata upesi. Kilichowabana wateja ni mtandao kutozungumza na mtandao, na mawakala kufungwa na kampuni moja. Kenya iliondoa kifungo hicho cha mawakala mwaka 2014. Mwaka huohuo Airtel, Tigo na Zantel zilikubaliana Tanzania kwamba wateja watumiane moja kwa moja, na Vodacom ikaungana nao mwaka 2016. Leo hii ipo hata programu ya wazi iitwayo Mojaloop, iliyotolewa mwaka 2017, ambayo nchi yoyote inaweza kuichukua na kujengea mfumo wa kuunganisha mitandao. Jina lake lina neno letu la Kiswahili ndani yake.

Kwa hiyo wafadhili wetu waelewe kwamba usharika unapolipia mfumo wa michango, haulipii hataza. Unalipia huduma, na huduma hupimwa kwa mkataba. Kabla ya kusaini, kamati iulize: tukihama, namba ya kupokelea malipo inabaki ya nani? Orodha ya waliochanga tunaweza kuichukua yote, katika faili linalofunguka kwenye kompyuta yoyote? Makato ni kiasi gani kwa mchango wa shilingi 1,000, maana michango mingi ni ya kiasi hicho? Mkataba unavunjwa kwa taarifa ya siku ngapi? Muuzaji asiyejibu swali la orodha ya wachangaji hatufai, hata kama mfumo wake ni mzuri.

Na kwa vikundi vya vijana vinavyobuni vifaa, kama kinawio cha kukanyaga au kikaushio cha matunda: kifaa kikishaonyeshwa hadharani, upya wake unaweza kutiliwa shaka. Ni salama zaidi ombi liwasilishwe BRELA kabla ya kwenda nacho Nane Nane. Mleteni michoro ofisini kwetu mapema. Tutawasaidia kuijaza fomu.