Mafunzo ya biashara: Kumiliki na kutunza gari la kambi bila kula mtaji

BIASHARA ya kukodisha magari ya kambi kwa watalii wanaojiendesha wenyewe inawavutia wenye mitaji midogo wa Arusha, Moshi na Nairobi. Gari moja hubeba kitanda, jiko, jokofu na maji. Mgeni hulala humo au juu yake, na mwenye mali hupokea fedha kwa siku. Kwa macho, ni biashara rahisi. Kwa hesabu, ni miongoni mwa biashara zinazoweza kumla mfanyabiashara mtaji huku akidhani anapata faida.

Magari ya aina hii si mapya duniani. Nchini Ujerumani, kampuni ya Westfalia ilianza kuifanya Kombi ya Volkswagen kuwa gari la kulala mwaka 1951. Nchini Marekani, Winnebago ya jimbo la Iowa ilianza kutengeneza nyumba kamili za magurudumu mwaka 1966. Lakini nyumba hizo kubwa zilikusudiwa barabara za lami. Kwa njia za vumbi na makorongo za Serengeti, Ngorongoro na kwingineko, linalofaa ni gari la magurudumu manne yanayovuta, kama Land Cruiser au Land Rover, lenye hema juu ya paa na vifaa vya kambi nyuma.

Ili hesabu ieleweke, uchukuliwe mfano wa gari lililogharimu Sh. milioni 90 pamoja na vifaa vyake. Mwenyewe anakusudia kulitumia miaka 6, kisha aliuze kwa Sh. milioni 42. Thamani inayopotea ni Sh. milioni 48, yaani Sh. milioni 8 kila mwaka. Huo ndio uchakavu. Hauna risiti wala hauji kudai mlangoni, lakini upo.

Bima kubwa iwe Sh. milioni 3 kwa mwaka. Leseni, maegesho na mlinzi Sh. milioni 2. Gharama zisizobadilika, gari likodishwe lisikodishwe, zinakuwa Sh. milioni 13. Bei ya kukodisha iwe Sh. 300,000 kwa siku, na matengenezo, tairi, gesi, usafi na kamisheni ya wakala vichukue Sh. 100,000. Kinachobaki ni Sh. 200,000 kwa siku. Ukigawanya, gari linahitaji siku 65 za kukodishwa ili kurudisha gharama tu.

Sasa achukuliwe mwenye gari aliyepata siku 60. Amebakiwa na Sh. milioni 12, akatoa Sh. milioni 5 za bima, leseni na maegesho, akabaki na Sh. milioni 7 mkononi. Akizitumia zote kwa ada za shule na ujenzi, ataona mwaka ulikuwa mzuri. Ukweli ni kwamba amekula Sh. milioni moja ya mtaji wake, kwa sababu gari limepungua thamani kwa Sh. milioni 8. Baada ya miaka 6 hatakuwa na fedha za kununua jingine.

Tena, fedha hizo Sh. milioni 90 zingeweza kuwekwa mahali pengine. Kama zingepata asilimia 10 kwenye hati fungani, zingezaa Sh. milioni 9 kwa mwaka bila kupasuka tairi. Mwekezaji akitaka gari limlipe na hizo pia, siku zinazohitajika zinapanda hadi 110. Msimu mzuri wa wageni ni Juni hadi Oktoba, kisha mwishoni mwa Desemba na Januari. Masika ya Machi hadi Mei, gari hukaa. Kwa hiyo siku 110 zinawezekana, lakini hazipatikani kwa gari linaloshinda gereji mwezi Agosti.

Kabla ya kununua

Mtego wa kwanza ni gari la msafiri. Wapo wageni wanaotoka Ulaya kwa gari hadi Afrika Mashariki, na mwisho wa safari hutaka kuliuza kwa bei ya kutupa. Gari la namna hiyo huwa limeingia kwa kibali cha muda au kwa hati ya dhamana ya forodha, na ushuru wake haujalipwa. Anayelinunua bila kupitia forodha ananunua mgogoro: halisajiliki, na linaweza kukamatwa. Bei ya kulinganisha ni ile iliyojumlisha ushuru wote.

Umri nao ni fedha. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika yenye zaidi ya miaka 8, na kwa kawaida haisajili yenye usukani wa kushoto. Tanzania haizuii kwa umri, lakini gari kuukuu hutozwa ushuru wa ziada. Mnunuzi apate makadirio ya forodha kabla ya kutuma fedha Japani au Dubai.

Jambo la pili ni uzito. Kila gari lina kikomo cha uzito kilichowekwa na mtengenezaji, na kikomo hicho huhesabu gari, watu na mizigo. Lita 60 za maji ni kilo 60. Dizeli lita 90 ni kama kilo 75. Hema la paani kilo 60, jokofu na chakula 40, betri ya pili 28, mtungi wa gesi uliojaa 30, watu wanne 300 na mabegi yao 80. Jumla ni kilo 673 kabla ya tairi ya akiba ya pili na vifaa vya fundi. Gari likizidishiwa, springi hukatika, breki hushindwa kwenye mteremko, na bima hupata sababu ya kukataa madai.

Mambo matano ya kutunza

Tairi. Tairi la gari la kambi mara nyingi huzeeka kabla ya kuisha, kwa kuwa gari hukaa juani miezi kadhaa. Ubavuni kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Mfano, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Likipita miaka 5 likaguliwe kila mwaka, na likifika 10 litolewe hata kama kashata zake bado ni nzuri. Kiasi cha kuweka akiba hupatikana kwa kilomita: tairi 5 za Sh. 600,000 kila moja, zikihimili kilomita 50,000, ni Sh. 60 kwa kilomita. Safari ya kilomita 1,500 imekula Sh. 90,000 za tairi hata kama hakuna lililopasuka.

Umeme. Gari liwe na betri mbili, moja ya kuwasha injini na nyingine ya kambi, zikitenganishwa na swichi maalumu ili jokofu lisizime gari alfajiri porini. Jokofu la volti 12 linalovuta ampea 4, likifanya kazi nusu ya siku, hutumia ampea-saa 48. Taa, pampu ya maji na simu zikiongeza 10, jumla ni 58. Betri ya kawaida ya asidi yenye 100 isishushwe chini ya nusu, maana yake inatoa 50 tu. Mgeni akiegesha siku mbili bila kuwasha injini, nyama itaharibika na malalamiko yatafuata. Paneli ya jua ya wati 200 huondoa tatizo hilo kwa siku za jua. Kwa kipimo, betri iliyojaa na kupumzika husoma karibu volti 12.7, ikisoma 12.1 imefika nusu.

Gesi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutuama chini ya sakafu. Sanduku la mtungi liwe na tundu la kutolea hewa chini, mtungi usimame wima, na mpira ukaguliwe kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Jiko lisitumike kama kipasha joto usiku wa baridi wa Ngorongoro, kwa sababu moshi wake usioonekana huua waliolala. Onyo hilo liandikwe ndani ya gari kwa lugha anayoielewa mgeni.

Maji na unyevu. Kila tundu lililotobolewa paani ili kufunga hema, paneli au taa ni njia ya maji. Jua hukausha mpira na silikoni, mvua ya kwanza ikapenya, na kutu au ubao uliooza huonekana baada ya mwaka. Viungo hivyo vikaguliwe kabla ya vuli na kabla ya masika. Hema lililokunjwa likiwa bichi hufanya ukungu. Likirudi lifunguliwe na kukaushwa kabla ya kuhifadhiwa. Tanki la maji lisafishwe kwa klorini na kusuuzwa kila baada ya muda mrefu wa kukaa.

Chasisi na injini. Njia za vumbi zenye mawimbi hulegeza kila nati. Baada ya safari, fundi akaze boliti za springi, shokapu, kichanja cha paa na betri, apulize au abadilishe chujio la hewa, apige grisi. Injini ya Land Cruiser aina ya 1HZ, inayopendwa kwa uvumilivu, ina mkanda wa taiming. Ukikatika barabarani, injini huumia vibaya. Mkanda hubadilishwa kwa kilomita zilizotajwa kwenye kitabu cha gari, bila kusubiri dalili. Gari lisilo na kumbukumbu za matengenezo lihesabiwe kuwa halijabadilishwa.

Karatasi na mgeni

Bima ya gari la binafsi hailindi gari linalokodishwa. Sera itaje ukodishaji, mgeni kujiendesha, na maeneo atakayofika, pamoja na nchi jirani kama ataruhusiwa kuvuka. Tanzania, biashara ya utalii ina leseni yake chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008. Kukodisha kwa watalii bila leseni hiyo ni kuhatarisha gari na jina la biashara.

Siku ya makabidhiano, mwenye gari na mgeni wapite pamoja na orodha: kilomita, mafuta, tairi, kioo, hema, mitungi, jeki na spana, kila kimoja kikitiwa alama na picha. Dhamana irudishwe baada ya ukaguzi kama huo. Mgeni apewe namba ya fundi mmoja anayejulikana, na maelekezo kwamba gereji nyingine isifungue injini bila idhini.

Mwenye gari mmoja afungue akaunti mbili. Katika ya kwanza ziingie fedha za kukodisha. Katika ya pili, kila siku ya kukodishwa ipeleke sehemu ya uchakavu: kwa mfano uliotolewa, Sh. milioni 8 zikigawanywa kwa siku 80 zinazotarajiwa ni Sh. 100,000 kwa siku. Fedha hizo si za ada wala za harusi. Anayeona kiasi hicho ni kikubwa mno kukitenga, amekwisha kupata jibu kuhusu kununua gari lenyewe.