Somo: Kasha la AVEC na depo ya kooperative



Kila Januari tunaona jambo lilelile. Maharagi ya msimu A yanatoka shambani, na shule nayo inadai minervali ya trimestri ya pili. Mama anauza mfuko haraka kwa mnunuzi wa kwanza, bei iko chini kwa sababu kila nyumba inauza wakati uleule. Ikifika msimu B, mama huyohuyo anaenda sokoni kutafuta mbegu, na bei imepanda. Alilima vizuri. Hasara ilimpata kwenye kuuza.

Kikundi kimoja peke yake hakimalizi shida hiyo. Kooperative ina depo, lakini haina feza za kumpa leo. AVEC ina feza kwenye kasha, lakini haina depo. Vikiungana, mama anakopa minervali kwa AVEC, na maharagi yake yanabaki depo kama dhamana.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme mfuko wa kilo 100 ni dola 60 Januari na dola 90 Machi. Minervali ni dola 30. Akiuza Januari na kulipa shule, anabaki na dola 30. Akikopa AVEC kwa riba ya 5% kwa mwezi, miezi 2, riba ni dola 3. Depo inamkata dola 8. Machi anauza dola 90, anarudisha 30, analipa riba na depo: anabaki na dola 49. Amepata dola 19 zaidi. Na ile riba haikwenda mbali: memba wa AVEC wataigawana mwisho wa mzunguko.

Lakini tuwe waangalifu. Bei inaweza kukataa kupanda, njia inaweza kufungwa. Kwa hiyo usiweke mavuno yote depo, na AVEC isikopeshe zaidi ya nusu ya bei ya siku ile.

Kabla ya kuanza, mambo 3:

1. Maharagi yakauke. Weka maharagi kidogo na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, funga, tikisa dakika moja, acha itulie. Chumvi ikinata kwenye chupa, anika tena. Maharagi yenye maji yanaoza ndani ya mfuko.

2. Kufuli mbili. Kasha la AVEC lina kufuli 3 na watu 3 wa funguo. Depo nayo ifanye hivyo: ufunguo mmoja kwa kooperative, mwingine kwa AVEC. Hakuna anayefungua peke yake.

3. Karatasi. Andikeni kilo, tarehe, mkopo, na nani atalipa kama wadudu wakitoboa au mwizi akiingia. Mambo ya mdomo yanavunja urafiki.

Ndugu zetu wa Butembo wanatuonyesha njia: SYDIP inatetea wakulima, COOCENKI inauza mavuno ya pamoja, LOFEPACO inaunganisha wanawake wakulima. Kila mmoja ana kazi yake, na hakuna anayemeza mwenzake.

Kazi ya nyumbani: kabla ya mavuno, komite za kooperative na AVEC zikae pamoja na kujibu maswali 2. Depo yetu inaweza kupokea mifuko mingapi? Kasha linaweza kukopesha dola ngapi bila kukauka? Anzeni na ile namba iliyo ndogo. Hata mifuko 10 inatosha kwa kujifunza.