Maua ya Msimu wa Jua Kali: Jinsi ya Kuchagua Mimea ya Bustani Nairobi

Kipindi cha Januari hadi katikati ya Machi huwa kigumu kwa bustani za Nairobi. Mvua ya vuli imekwisha, ya masika haijafika, na katika mitaa mingi maji ya mfereji huja kwa zamu. Hata hivyo, wakati huu ndipo wakazi wengi hununua miche ya maua kando ya barabara kwa sababu imependeza machoni, wakaipanda wikendi, na kuikuta imekauka kabla mwezi haujaisha. Pesa zimepotea, na maji ya nyumbani yametumika bure.

Somo hili linaeleza jinsi ya kuchagua mimea itakayochanua katika miezi ya jua bila kumaliza maji ya familia. Kanuni yake ni moja: ua huchaguliwa kwa kuangalia udongo na maji yaliyopo kwanza, kisha ndipo rangi.

Nairobi haina majira ya Ulaya

Vitabu vingi vya bustani vinavyouzwa mjini vimeandikwa Ulaya. Humo msomaji hushauriwa apande maua ya majira ya joto kama hetha, kichaka kifupi chenye maua madogo ya zambarau, waridi au meupe, ambacho hufunika vilima vya Scotland kuanzia Julai hadi Septemba. Hetha hupenda udongo wenye asidi, ubaridi na unyevu wa kudumu. Julai na Agosti hapa Nairobi ni miezi ya baridi na mawingu, na miezi yetu ya joto ni mikavu. Tena jiji liko karibu na Ikweta, kwa hivyo mchana na usiku hukaribiana kwa urefu mwaka mzima, ilhali mimea mingi ya Ulaya hungoja mchana urefuke ndipo ichanue.

Kenya ina mimea ya ukoo wa hetha, jamii ya Erica, lakini makao yake ni juu milimani. Katika Mlima Kenya na safu za Aberdare hupatikana zaidi katika ukanda wa mita 3,000 hivi na kupanda juu, na baadhi hukua hadi kuwa miti. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Mche uliozoea ukungu wa mlimani hauwezi kufurahia jua la Februari Lavington au Kawangware.

Mkazi anayepanga kuletewa mbegu au miche na jamaa aliye ng'ambo akumbuke kwamba sheria inataka kibali cha Shirika la Kukagua Afya ya Mimea, KEPHIS, ambalo makao yake makuu yako Karen. Mche usiokaguliwa unaweza kuingiza wadudu na magonjwa yatakayoharibu mashamba ya wengine.

Udongo kwanza

Upande wa magharibi wa jiji, kutoka Kileleshwa na Lavington hadi Kangemi, Dagoretti na sehemu za Karen, una udongo mwekundu wenye kina. Maji hupenya vizuri na mizizi hushuka bila taabu. Upande wa mashariki na kusini, kama Embakasi na sehemu za Lang'ata, kuna udongo mweusi wa mfinyanzi. Huo hufura ukilowa, maji yakatuama. Ukikauka hupasuka na kukata mizizi.

Njia rahisi ya kupima ni kuchimba shimo la futi moja na nusu, kulijaza maji yapenye yote, kisha kulijaza tena. Maji ya mara ya pili yakiisha kwa saa chache, udongo unapitisha maji vizuri. Yakilala humo hadi kesho yake, inafaa kupanda kwenye tuta lililoinuliwa au kwenye chungu. Anayetaka kujua kiasi cha asidi na rutuba anaweza kupeleka sampuli ya udongo katika maabara ya KALRO iliyoko Kabete, kando ya Waiyaki Way, ambako hupimwa kwa ada.

Mimea inayofaa miezi ya jua

Bogenvilia. Ilitoka Amerika Kusini, lakini imezoea Nairobi kiasi kwamba wengi huiona kuwa mmea wa hapa. Peter Greensmith, aliyesimamia bustani za jiji katika miaka ya 1950, aliipanda kwa wingi kando ya barabara. Sehemu zenye rangi si petali bali ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni dogo na jeupe, katikati. Huhitaji jua la kutwa. Ikishashika, maji mengi huifanya itoe majani badala ya maua, kwa hivyo ukavu wa Februari huisaidia. Hupogolewa baada ya kuchanua. Ina miiba, basi ipandwe mbali na njia ya watoto.

Mshubiri. Kenya ina aina nyingi za mishubiri ya kiasili. Majani yake huhifadhi maji, na maua yake mekundu au ya manjano huwavuta ndege aina ya chozi. Hufaa sana mahali palipoinuka, penye mawe au udongo unaokauka upesi. Inunuliwe kwenye kitalu. Kung'oa mishubiri porini huangamiza mimea inayolindwa.

Plumbago. Kichaka cha maua ya samawati kutoka Afrika Kusini, kizuri kwa ua la kuzunguka ploti. Huvumilia ukavu kikishakomaa. Maua hutokea kwenye matawi mapya, kwa hivyo kukipogoa huongeza maua.

Pentasi. Ni mmea wa Afrika Mashariki wenye vishada vya nyota ndogo nyekundu, za waridi au nyeupe. Vipepeo na nyuki huupenda. Huhitaji maji kidogo zaidi ya mshubiri, na hukubali kivuli cha nusu siku.

Kufea. Aliyeipenda picha ya hetha vitabuni hapa ndipo atapata cha kufanana nayo. Kufea hutoka Meksiko na Amerika ya Kati, na katika baadhi ya vitalu huuzwa kwa jina la hetha ya Meksiko, ingawa haina undugu na hetha. Ni kichaka kifupi cha sentimita 30 hadi 60, chenye majani membamba na maua madogo ya zambarau karibu mwaka mzima. Hufaa kwenye kingo za njia. Mizizi yake haiendi mbali, kwa hivyo huhitaji matandazo na maji ya mara kwa mara wakati wa jua.

Mwamba-ngoma. Kwa mwenye ploti kubwa, huu ni mti wa kiasili ambao katika ukavu hupukutisha majani na kubaki na maua mekundu matupu. Usipandwe karibu na ukuta wala bomba la maji.

Mimea ya kuwa mwangalifu nayo

Lantana camara huchanua vizuri kwenye jua kali na haihitaji kumwagiliwa, lakini ndege hula matunda yake na kueneza mbegu hadi misituni na malishoni, ambako huzima mimea mingine na kuwadhuru mifugo. Tayari Kenya inajua gharama ya ua la mapambo lililotoroka: gugumaji, lenye maua mazuri ya zambarau, lilitoka Amerika Kusini, likaonekana katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na hadi leo linawasumbua wavuvi.

Nyingine ni sumu. Oleanda, pamoja na ile ya maua ya manjano ambayo hupandwa sana kama ua la nyumba, ina sumu inayoathiri moyo. Dayatura yenye maua makubwa kama tarumbeta, na matunda ya manjano ya duranta, ni hatari zikiliwa. Waridi la jangwani hupendeza sana kwenye chungu, lakini utomvu wake ulitumiwa kupaka mishale ya kuwindia. Nyumba yenye watoto wadogo, shule ya chekechea au mifugo ni afadhali ikae bila mimea hii. Mtoto akitafuna sehemu yoyote, apelekwe hospitali mara moja pamoja na kipande cha mmea huo.

Wakati wa kupanda

Ua la kuchanua Februari hupandwa Oktoba au mapema Novemba, mvua ya vuli inapoanza. Kufikia Januari mizizi itakuwa imeshuka kufuata unyevu. Aliyechelewa ni bora angoje masika, mwishoni mwa Machi au Aprili. Kupanda Januari kunawezekana, ila mche utategemea maji ya mwenyewe kila baada ya siku mbili tatu.

Shimo liwe na upana mara mbili ya chombo cha mche. Udongo uchanganywe na samadi iliyooza vizuri, kwani samadi mbichi huunguza mizizi. Kisha yawekwe matandazo ya nyasi kavu au majani, unene wa vidole vinne, yasiguse shina.

Maji yasiyoiba ya nyumbani

Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka katika bwawa la Ndakaini, Kaunti ya Murang'a, lenye uwezo wa mita milioni 70 za ujazo. Mvua ilipopungua na bwawa kushuka, jiji liliingia katika mgao mwaka 2017. Bustani inayotegemea mpira wa maji kila jioni hushindana na jikoni.

Kumwagilia kwa kina mara moja au mbili kwa wiki, alfajiri au jioni, ni bora kuliko kunyunyiza kila siku, kwa sababu mizizi hufuata maji chini. Maji ya kusuuzia nguo yanaweza kutumiwa kwenye maua, mradi hayana dawa ya kung'arisha nguo. Mvua nayo ivunwe: paa la mita 50 za mraba likipata milimita 20 za mvua hupokea lita 1,000, hata kama kiasi fulani hupotea. Tangi lifunikwe, na visahani vya chini ya vyungu vimwagwe kila wiki, maana maji yaliyotuama huzalisha mbu.

Wasio na ploti

Anayeishi ghorofani au kwenye chumba cha kukodi anaweza kutumia mtungi wa lita 20 uliokatwa, beseni kuukuu au ndoo, mradi vitobolewe chini. Mshubiri mdogo na kalankoe hustahimili roshani yenye jua. Pentasi hufaa roshani yenye jua la asubuhi tu. Vyungu visiwekwe juu ya ukingo ambako vinaweza kumwangukia mpita njia.

Maswali matano kabla ya kulipa

Mkazi anaposimama kwenye kitalu, aulize:

1. Mmea huu unaitwaje, na ukikomaa unafika urefu gani?
2. Unahitaji jua la kutwa au kivuli?
3. Ukishashika, unaweza kukaa wiki moja bila maji?
4. Una sumu au miiba?
5. Mizizi ikoje? Ikiwa imejizungusha chombo chote kama kamba, mche umekaa sana humo na utachelewa kushika.

Muuzaji asiyeweza kujibu la kwanza hawezi kujibu mengine. Mche mdogo wenye afya, usio na maua mengi bado, hushika haraka kuliko mkubwa uliochanua kitaluni. Kwa ushauri zaidi kuhusu udongo na wadudu, wakazi wanaweza kuwauliza maafisa wa ugani wa kilimo katika kaunti ndogo zao. Mvua ya vuli ikikaribia, inatosha kuanza na mimea mitatu iliyochaguliwa vizuri. Mingine iongezwe baada ya hiyo kupita jua la Februari salama.