SOMO LA MWEZI: NANI ATAMSEMEA MSHITAKIWA?
(Soma kwanza Matendo ya Mitume 24)

Kabla ya kuendelea twawaomba mfungue Biblia na kuisoma sura hiyo polepole, kama watu wasomao taarifa ya mahakama, maana ndivyo ilivyo. Mtume Paulo yuko Kaisaria mbele ya liwali Feliki. Kuhani mkuu Anania ameteremka na wazee, nao wamemleta Tertulo, msemaji wa kukodiwa. Tazameni jinsi mtu huyu anavyoanza. Anamsifu liwali kwanza, kisha anamwita Paulo tauni, mfanya fitina, mnajisi wa hekalu. Maneno ni mazito, lakini shahidi hata mmoja aliyeona kitendo hakusimamishwa.

Upande wa pili hakuna wakili. Paulo anajitetea mwenyewe, na anajitetea vizuri mno. Anasema hazijapita siku 12 tangu alipopanda kwenda Yerusalemu, jambo ambalo liwali anaweza kulihakikisha. Anakubali lililo kweli, kwamba anamwabudu Mungu kwa Njia ile, na anakana lisilo kweli. Halafu anaweka kidole mahali penyewe: wale Wayahudi wa Asia waliosema wamemwona hekaluni wako wapi? Mbona hawakuja? Wakili yeyote wa leo angeuliza hivyo hivyo.

Tusisahau kwamba Paulo alikuwa mtu wa Tarso, na Tarso ulikuwa mji wa vyuo. Strabo, mwandishi wa jiografia wa zamani, ameandika kwamba watu wa Tarso walipenda elimu kuliko hata wa Athene na Aleksandria. Tena Paulo alikaa miguuni pa Gamalieli akafundishwa torati, naye alikuwa raia wa Rumi, akijua kwamba raia hapigwi mijeledi kabla ya hukumu. Pamoja na hayo yote alikaa kifungoni miaka 2 bila hukumu, kwa sababu Feliki alitazamia kupewa fedha. Ikiwa msomi wa namna hiyo yalimpata hayo, kijana wetu wa mwaka wa kwanza chuoni, asiyejua hata tofauti ya mshitakiwa na mshitaki, yatampataje?

Tunauliza hivyo kwa sababu Dodoma yetu imekuwa mji wa vyuo. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Dodoma kilifungua milango, na mwaka huo huo Kanisa letu likaanzisha Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana pale palipokuwa Shule ya Sekondari Mazengo. Ongeza Chuo cha Mipango na vyuo vingine. Maelfu ya vijana wanapanga vyumba, wawili wawili na watatu watatu, mbali na wazazi wao. Jumapili wanajaza viti vyetu na kwaya zetu. Polisi wakiingia katika chumba kimoja na kukuta bangi au simu ya wizi, aghalabu huwachukua wote waliomo, na aliyekuja kuazima daftari pia huchukuliwa.

Sasa tuwaeleze jambo ambalo si la kujisifia. Miaka michache iliyopita kijana mmoja wa kwaya, mwanafunzi, alikamatwa na kompyuta ndogo iliyoibiwa. Alikuwa ameinunua kwa mtu waliyefahamiana hosteli, bila stakabadhi. Mama yake alitupigia simu kutoka kijijini, akilia: "Mwalimu, wewe ndiwe mzazi wake huko." Tulikwenda kituoni. Tulimkuta amechoka na amevuliwa viatu. Akatuuliza, "Shikamoo Mwalimu. Nikikubali, si watanisamehe?" Nasi, tuliofundisha walimu miaka mingi, tukamjibu, "Kubali mwanangu, yaishe. Mungu hapendi ubishi."

Lilikuwa shauri baya. Tulichanganya mambo mawili yasiyofanana: toba mbele za Mungu na kukiri kosa mbele ya hakimu. Mbele za Mungu mtu huungama aliyoyatenda. Mahakamani anaulizwa kama ametenda kosa lile lililoandikwa katika hati ya mashitaka, pamoja na sehemu zake zote. Kosa la kupokea mali ya wizi si kukutwa na mali tu. Ni kuipokea hali ukijua, au ukiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibiwa. Kijana huyu hakujua. Kwa kumwambia akubali tulimfundisha kusema uongo juu ya nafsi yake. Na mtu akikiri kosa kikamilifu kisha akatiwa hatiani, kwa kawaida hawezi tena kukata rufani juu ya hatia, ila juu ya ukubwa au uhalali wa adhabu tu. Mlango unaobaki ni mwembamba, mathalani akionyesha kwamba kukiri kwake hakukuwa kamili au alikosea kuelewa.

Aliyemwokoa na shauri letu ni hakimu. Shitaka liliposomwa kijana alisema, "Ni kweli." Lakini maelezo ya kesi yalipofuata, naye akaulizwa kama yote ni sahihi, alijibu, "Ni kweli niliinunua, ila sikujua ni ya wizi." Hakimu akaweka kalamu chini, akamtazama, kisha akaandika kwamba mshitakiwa amekana. Ndivyo sheria inavyotaka: kukiri kwenye masharti si kukiri.

Baada ya hapo ndipo tulipotafuta wakili, tukampata kwa njia ya shirika la msaada wa kisheria. Mama yule hakuombwa hata senti. Wakili hakuuliza kama kijana ni mwema au mwovu. Aliuliza bei ilikuwa kiasi gani, ililipwaje, siku gani, na ujumbe wa simu uko wapi. Kumbe fedha zilitumwa kwa simu, na bei haikuwa ya kutupa. Ujumbe wa malipo ukapelekwa mahakamani. Shahidi wa upande wa mashitaka alikuwa amesema kwamba kijana alificha ile kompyuta. Alipoulizwa maswali na wakili, akakubali kwamba aliikuta mezani, imewashwa, kazi ya chuo ikiandikwa. Kesi ilichukua miezi 7, kijana akaachiwa huru.

Wengine parokiani walituuliza, na swali ni la haki: Mkristo anawezaje kumtetea mtu ambaye pengine ni mwizi kweli? Twajibu kwamba kazi ya wakili si kuusafisha wizi. Katiba yetu, ibara ya 13, inasema mtu asitendewe kama mwenye hatia mpaka ithibitike, na mzigo wa kuthibitisha uko kwa mshitaki, pasipo kuacha shaka ya maana. Ili tujue kama ule mzigo umebebwa kweli, lazima awepo wa kuupima. Someni habari za Susana katika vitabu vya Deuterokanoni, ambavyo Kanisa letu husoma kwa mafundisho ya mwenendo. Wazee wawili walimshuhudia uongo, na watu wote wakaamini kwa kuwa walikuwa wazee. Kijana Danieli akawatenganisha, akamwuliza kila mmoja peke yake: uliwaona chini ya mti gani? Kila mmoja akataja mti wake. Swali moja tu. Nabothi hakupata mtu wa kuuliza swali kama hilo, akapigwa mawe akafa na shamba likachukuliwa. Hata Nikodemo aliwaambia wenzake barazani kwamba torati haimhukumu mtu kabla ya kumsikia, nao wakamdhihaki.

Katika mji wetu huu huu, mwanzoni mwa miaka ya 1990, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Dodoma, aliamua kwamba maskini anayeshitakiwa kwa kosa zito ana haki ya kupewa wakili kwa gharama ya Serikali, na kwamba mahakama yapaswa kumjulisha haki hiyo. Kabla ya hapo ilikuwapo sheria ya mwaka 1969 iliyoiachia mahakama kuamua nani anastahili. Siku hizi iko Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, inayosajili watoaji wa msaada na wasaidizi wa kisheria. Msaidizi wa kisheria anaweza kukueleza haki zako na kukuelekeza kwa wakili. Kusimama mahakamani kukutetea si kazi yake. Kwa mashitaka ya mauaji katika Mahakama Kuu, asiye na uwezo hupangiwa wakili. Penye pengo kubwa ni katikati, katika mahakama za wilaya, ambako vijana wetu wengi hufikishwa na ambako kifungo chaweza kuwa cha miaka mingi.

Tuseme na yale yanayotokea kituoni, kwa kuwa kesi nyingi huharibikia huko. Aliyekamatwa ana haki ya kuambiwa kosa lake. Halazimiki kujibu zaidi ya jina na anwani yake. Aweza kuomba kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Muda wa kuhojiwa umewekwa kuwa saa 4 tangu kushikwa, na waweza kuongezwa kwa utaratibu. Maelezo ya onyo asiyatie sahihi kabla ya kuyasoma au kusomewa, maana yatakuja kusomwa tena mahakamani siku ambayo ameshasahau alichosema. Dhamana haiuzwi. Wadhamini waende na vitambulisho na barua ya serikali ya mtaa. Yako makosa yasiyo na dhamana, kama mauaji na unyang'anyi wa silaha, na hapo wazazi wasidanganywe na mtu anayedai kiasi fulani "cha kumtoa". Vishoka wako wengi kwenye ngazi za mahakama, wamevaa suti nzuri kuliko mawakili wenyewe. Jina la wakili wa kweli linapatikana katika orodha ya Mahakama, nayo inatazamwa hata kwa simu.

Limebaki jambo linalotuuma zaidi. Wiki ile ile kijana alipokamatwa, kabla shahidi hata mmoja hajasikilizwa, sisi wazee tulikaa tukamsimamisha kwaya. Hatukumwita tumsikilize. Tulisema ni kwa heshima ya madhabahu. Hata Festo, mpagani, alimwambia mfalme Agripa kwamba si desturi ya Warumi kumtoa mtu kabla hajakabiliana na wanaomshitaki na kupata nafasi ya kujitetea. Kijana alipoachiwa tulimwandikia barua ya kumkaribisha arudi. Alitujibu kwa adabu, akatushukuru kwa kumwekea dhamana, akasema amekwisha kuzoea kanisa jingine. Amehitimu sasa, anafundisha. Mama yake bado hutupigia simu wakati wa Pasaka.

Alhamisi ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya sala ya jioni, wakili mmoja aliye mshiriki wetu atakuja kujibu maswali ukumbini. Wanafunzi waje, na wenye nyumba wanaowapangisha waje pia. Kwa maandalizi someni Matendo 25, na wazee wa kanisa waje wamefikiri swali hili: mshiriki akishitakiwa leo, kabla ya hukumu, tutamfanyia nini, na nani atatumwa kumsikiliza?