Kuupanga Upau wa Zana ili Risiti na Nyaraka Zako Zipatikane Upesi

Risiti nyingi zitolewazo madukani huchapishwa kwa joto kwenye karatasi maalumu, wala si kwa wino. Karatasi hiyo ikikaa juani, au ndani ya pochi iliyobanwa mfukoni, maandishi yake hufifia, na mlaji hubaki na kipande cheupe kisichothibitisha lolote. Ndiyo sababu mlaji hushauriwa kupiga picha ya kila risiti na kila hati ya waranti siku ile ile anunuapo bidhaa. Hata hivyo, picha mia tatu zilizolundikana kwenye kompyuta, zikiwa na majina ya tarakimu tupu, hazimfai zaidi ya karatasi iliyofifia. Jokofu likiharibika mwezi wa kumi wa waranti ya mwaka mmoja, na muuzaji akadai risiti, utaitafuta wapi?

Wengi huacha kupanga faili zao kwa kuwa kazi yenyewe huchosha: kuunda folda, kubadili jina, kunakili kwenye flashi, na kila jambo lataka kufunguliwa menyu mbili au tatu. Somo hili laeleza namna ya kuvileta vitufe unavyovihitaji mahali pamoja, kwenye upau wa zana wa programu ya kusimamia faili, yaani lile dirisha linalofunguka ubofyapo picha ya folda ya manjano. Tutatumia Windows 10, ambayo ingali katika kompyuta nyingi za nyumbani na za steshenari.

Fungua dirisha hilo kisha utazame pembe ya juu kushoto, kwenye ukingo wenye jina la folda. Utaona vitufe vidogo viwili au vitatu na mshale mdogo unaoelekea chini. Huo ndio upau wa haraka. Bofya mshale, nawe utapewa orodha fupi yenye maneno kama "Undo", "Delete", "Properties", "New folder" na "Rename". Lililowekewa alama ya vema huonekana kwenye upau. Lisilo na alama halionekani. Weka alama kwenye "New folder", kinachounda folda mpya, "Rename", kinachobadili jina, na "Undo", kinachotengua jambo ulilolifanya punde. Hicho cha mwisho hudharauliwa na wengi, ilhali ndicho kitakachokuokoa uburutapo folda kwa bahati mbaya usijue ilikodondokea.

Orodha hiyo si kikomo. Kitufe kingine chochote kilicho kwenye utepe mpana wa juu chaweza kuhamishiwa hapo: kielekee, bofya kitufe cha kulia cha kipanya, kisha uchague "Add to Quick Access Toolbar". Tunashauri uongeze viwili. Cha kwanza ni "Copy to", kilichomo kwenye sehemu ya "Home", ambacho hunakili faili ulizozichagua hadi folda au flashi uitakayo bila ya kufungua dirisha la pili. Cha pili kimo kwenye sehemu ya "View", nacho ni kisanduku kiitwacho "File name extensions".

Hiki cha pili chastahili maelezo marefu, maana hakihusu wepesi tu. Kila faili ina mkia wa jina unaotambulisha aina yake: .jpg ni picha, .pdf ni waraka, .exe ni programu. Kwa kawaida Windows huuficha mkia huo. Tapeli aweza basi kukutumia faili iitwayo "Ankara.pdf.exe", nawe ukaona "Ankara.pdf" pekee, tena ikiwa na picha ndogo inayofanana kabisa na ya waraka. Uifunguapo, husomi ankara yoyote. Umeiendesha programu ya mtu usiyemjua ndani ya kompyuta inayohifadhi nyaraka zako za benki. Kisanduku kikiwa na alama ya vema, mkia wote huonekana, na udanganyifu huo hujitangaza wenyewe. Kiache na alama daima.

Kitufe cha "Delete" ni afadhali ukiache nje ya upau. Kukikosea ni rahisi mno. Faili iliyofutwa kwenye diski ya ndani kwa kawaida huenda kwenye pipa la taka, ambako yaweza kurejeshwa. Iliyofutwa kwenye flashi haiendi huko, hupotea moja kwa moja.

Sasa bonyeza kitufe cha Alt kwenye kibodi. Tarakimu zitatokea juu ya vitufe vya upau: 1, 2, 3 na kuendelea. Kubonyeza Alt kisha tarakimu ni sawa na kukibofya kitufe chenyewe, na baada ya siku chache vidole huzoea. Usizidishe vitufe vitano au sita. Upau uliojaa hurudisha utafutaji ule ule ulioukimbia.

Picha ya risiti iingiapo kwenye kompyuta, ichague, bofya "Rename", uandike tarehe ukianza na mwaka, kisha bidhaa: "2024-03-15 jokofu risiti". Kwa kuanza na mwaka, faili hujipanga zenyewe kwa kufuata muda wa ununuzi. Usiuguse mkia.

Mpangilio huu hukaa kwenye akaunti yako ya kompyuta ile tu. Ukienda kuchapisha steshenari hutaukuta, na huna ruhusa ya kuibadilisha kompyuta ya mwenyewe.

Wenye Windows 11 watagundua kwamba upau wake haubadilishwi kwa njia hii. Tunaona ni hasara kwa mtumiaji. Wao watumie kibodi: Ctrl, Shift na N kwa folda mpya, F2 kwa kubadili jina, Ctrl na Z kwa kutengua. Mikia ya majina huonyeshwa kupitia "View", kisha "Show". Watumiaji wa Linux wenye programu ya Dolphin wana uhuru mpana zaidi: bofya kulia kwenye upau, chagua "Configure Toolbars", na vitufe vyote vitaorodheshwa uvichague na kuvipanga utakavyo.

Jambo moja kwa anayekusudia kununua kompyuta iliyotumika. Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Muulize muuzaji, kabla ya kulipa, iwapo kompyuta hiyo yaweza kupokea Windows 11, na umtake aandike jibu lake kwenye risiti. Risiti hiyo nayo ipige picha.