Mlango Usiouzwa na Mlango Unaolipiwa: Kuchagua Mafunzo ya Zimamoto na ya Huduma za Dharura

Mwishoni mwa Julai 2022, mito Nabuyonga na Namatala ilivunja kingo zake, maji yakaingia mjini Mbale, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Miaka kumi na miwili kabla ya hapo, mwezi Machi 2010, mlima uliporomoka huko Bududa na kufukia makazi ya watu. Na kila siku malori ya mafuta yanayoingia kupitia Malaba na Busia hupita Jinja yakielekea Kampala. Katika eneo la namna hii, kijana anayetamani kuwa askari wa zimamoto au mhudumu wa dharura ametamani jambo lenye manufaa kwetu sote. Lakini tamaa njema nayo huwindwa. Mzazi huuza ng'ombe au kipande cha shamba, fedha zikaishia mikononi mwa mtu asiye na shule wala nafasi ya kazi.

Wazazi wengi huanza kwa kuuliza, "Ni shilingi ngapi?" Swali hilo ni la haki, ila linatangulia mapema mno. Yapo mawili yanayostahili kulitangulia: ni nani anayefunza, na ni nani anayelipa? Majibu yake hutofautiana kati ya kazi hizi mbili, na tofauti hiyo ndiyo kiini cha somo letu.

Zimamoto: mlango usiouzwa

Nchini Uganda, kuzima moto na kuokoa ni kazi ya Jeshi la Polisi, chini ya kurugenzi yake ya kuzuia moto na uokoaji. Anayetaka kazi hiyo huanza kwa kuwa polisi. Husubiri tangazo la kuandikisha askari, hupeleka vyeti vyake vya shule, kitambulisho cha taifa na barua ya mwenyekiti wa LC1, kisha hupimwa afya na nguvu za mwili. Akichaguliwa, hupelekwa katika chuo cha polisi, kama kile cha Kabalye wilayani Masindi. Ujuzi wa moto na uokoaji hufuata baada ya msingi huo wa uaskari, na jeshi ndilo linaloamua nani apangiwe wapi.

Kwa hiyo hakuna ada ya kununua nafasi. Fomu haiuzwi, wala usaili haulipiwi. Atakayekuambia kwamba ana "kiti" cha zimamoto cha kukuuzia, hata akiwa amevaa sare, hata akiwa ndugu wa karibu, anauza kitu asichokuwa nacho. Aidha, anayetoa fedha hizo hujitia mwenyewe katika rushwa, na huweza kujikuta akiona haya kushitaki alipoibiwa. Haya hiyo ndiyo ngao ya mlaghai.

Huduma za dharura: mlango unaolipiwa

Upande wa tiba mambo ni mengine. Hapa mafunzo hulipiwa, na kulipa si kosa. Kosa ni kulipa kabla ya kuchunguza. Katika nchi yetu, anayempokea majeruhi mara nyingi ni muuguzi au afisa wa kliniki. Hivyo, kwa kijana wengi wa mashariki, njia iliyo imara ni kusomea taaluma ya afya inayotambuliwa, kisha kuongeza ujuzi wa dharura juu yake. Jinja ina shule ya uuguzi na ukunga. Mbale ina chuo cha sayansi za afya, pamoja na kitivo cha afya cha Chuo Kikuu cha Busitema. Miji yote miwili ina hospitali ya rufaa ya mkoa, na hilo si jambo dogo, kwa maana dharura haifundishwi kwa kitabu peke yake.

Kabla ya hapo, tunashauri hatua ndogo: kozi fupi ya huduma ya kwanza, kama zile za Chama cha Msalaba Mwekundu cha Uganda. Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na karo ya miaka kadhaa, nayo humwonyesha kijana kama moyo wake unastahimili damu na kilio. Cheti hicho hakimfanyi kuwa mtabibu. Anayedai kwamba kinafanya hivyo anapotosha.

Kabla ya kulipa hata shilingi moja

Kwanza, uliza Baraza la Taifa la Elimu ya Juu kama taasisi na kozi yenyewe vimeidhinishwa.

Pili, uliza baraza la taaluma husika, liwe la wauguzi na wakunga au la kada nyingine za afya, kama wahitimu wa kozi hiyo husajiliwa. Asiyesajiliwa hataajiriwa kihalali, hata cheti chake kiwe na mihuri kumi.

Tatu, omba orodha ya gharama zote kwa maandishi: karo, mitihani, sare, malazi na nauli ya mazoezi hospitalini.

Nne, lipa katika akaunti ya benki ya taasisi, kamwe si katika simu ya mtu binafsi, na uhifadhi risiti.

Fedha zitoke wapi?

Bodi ya Kugharimia Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, hukopesha Waganda wenye sifa wasio na uwezo, waliopata nafasi katika taasisi na kozi zilizo katika orodha yake. Mkopo huo hulenga karo na ada za masomo. Chakula na malazi familia ijipangie. Nao ni deni, si zawadi: marejesho huanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo.

Kwa jirani zetu wa ng'ambo ya mpaka

Katiba ya Uganda inataka polisi wawe raia wa Uganda, hivyo kijana wa Kenya hawezi kuingia zimamoto kwa mlango wetu. Kwao, kuzima moto ni jukumu la serikali za kaunti, na huko ndiko aulizie. Anayevuka mpaka kusomea afya apate kwanza jibu la maandishi kutoka baraza la taaluma la nchi atakakofanya kazi.

Aliyekwisha kutapeliwa asinyamaze. Aje kituo cha polisi kilicho karibu na risiti, ujumbe wa simu na namba zilizotumika. Kunyamaza kwake humwacha jirani yake awe windo linalofuata.

Maswali ya kujadiliana nyumbani na katika baraza la kijiji

1. Kwa nini nafasi ya zimamoto haiwezi kununuliwa?
2. Ni nani watakaothibitisha kozi ya afya kabla hatujalipa?
3. Tukikopa, nani atalisha na kumlaza mwanafunzi, na kwa miaka mingapi?