Daftari, Deni na Sanduku

SWALI: Nasomesha sekondari huku Zombo, Kilosa. Wanafunzi wangu hupata vijisenti msimu wa ufuta, na kabla ya mwezi kwisha hawana kitu. Nianzie wapi kuwafunza?

JIBU: Mwalimu, salaam. Ijapokuwa mtaala uliotokana na Sera ya Elimu, toleo la 2023, umeiingiza Elimu ya Biashara katika masomo ya lazima ya sekondari, mimi nisingeanzia kitabuni, bali kwenye daftari lenye safu tatu, kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki, ambalo kila kijana ataliandika jioni kwa mkono wake, hata siku aliyonunua andazi moja tu.

Hapo ndipo uwafikishe kwenye deni, jambo ninalolihofia kuliko yote, kwa kuwa zama hizi mkopo hupatikana kwa kubonyeza simu. Andika ubaoni: aliyekopa shilingi 10,000 akarejesha 13,000 baada ya mwezi, akakopa tena vivyo hivyo kila mwezi, mwaka ukitimia ametoa riba ya shilingi 36,000, na ile elfu kumi bado si yake. Waache wakokotoe wenyewe.

Kisha waombe akina mama wa VICOBA, vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, walifungue sanduku lao mbele ya darasa, hisa zihesabiwe kwa sauti, na wenye funguo wafungue kila mmoja kufuli lake. Baadaye vijana waunde kikundi chao, kwa idhini ya wazazi, mgawo wa akiba ukiangukia Januari, wakati wa sare na madaftari.